Vituo Kumi vya Kambo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata njia ya kuwa daktari wa ubongo bila kugusa ubongo! Tangazo nimelisoma kwenye simu ya Mama. Chuo kimoja cha ng'ambo kinafundisha udaktari wa utafiti, miaka minne, kila kitu kimelipwa. Wanachanganya elimu ya ubongo na hesabu na kompyuta. Yaani unaandika mlinganyo, na mlinganyo unafikiri kama mtu. Mwisho wa kuomba ni Jumapili. Wanataka shahada mbili. Mimi niko darasa la tano la sekondari. Kikwazo kidogo. Nitawashangaza kwa utafiti.

Mtu wa kuchunguzwa: Kambo, baba yake Mama, mashinisti mstaafu, aliyeendesha treni. Ana miaka themanini na miwili, na juzi alitafuta kofia yake akiwa ameivaa. Kila jioni nitamwomba ataje vituo vya reli kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie. Vituo kumi. Nilivijua kabla ya kujua sala. Nilipokuwa mdogo alipanga viti hapa uani, katika lupango letu la mtaa wa Katuba, akapuliza filimbi, nami nikawa abiria wake wa pekee. Hakuruka kituo hata kimoja.

Leo: 10.

Jumanne, 4 Novemba

Saba! Likasi hakuitaja kabisa. Nimekwenda chooni kulia kidogo, kisha nimeandika: 7.

Shuleni nilimweleza binamu yangu Aristote kwa siri. Kufikia mapumziko darasa zima lilikuwa linaniita Docteur Treni. Aristote akaniuliza mbele ya wote eti ya Kamina inafika saa ngapi. Nimejificha maktaba mpaka kengele.

Jumatano, 5 Novemba

4. Nimechora. Nukta tatu zimekaa kwenye mstari ulionyooka kabisa! Hata kitabu cha hesabu hakina mstari mzuri hivi. Nimefurahi robo saa nzima. Kisha nikakumbuka mstari umetengenezwa na nini.

Zamani alinibeba mabegani kwenda shule, na njia yote ilikuwa reli. Bomba la maji lilikuwa Lubudi. Mashine ya kusaga ilikuwa Luena. Leo nimepita penye mashine na kusema "Luena" peke yangu, kwa sauti ndogo, ili pabaki mtu anayejua.

Alhamisi, 6 Novemba

1.

Bukama. Bukama tu! Kisha akawa anautabasamia ukuta.

Mstari unasema kesho ni hasi mbili. Sijui mtu anawezaje kujua vituo hasi viwili. Nadhani ndipo atanisahau na mimi. Nina jina la marehemu mke wake, Victorine, kwa hiyo tangu nizaliwe ananitania kwa kuniita bibi yake. Nani ataniita hivyo tena?

Nimemwambia Mama peke yake. Nimemwomba asimwambie mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama amewaambia watu. Mama mdogo Huguette amefika kutoka Luano na kitambaa cheusi kichwani. Mjomba Godefroid yuko njiani, juu ya lori, kutoka Kilwa yetu ya ziwani. Parokia imeleta viti thelathini. Hakuna anayesema viti ni vya nini.

Kambo ameuliza: "Nani alikufa?" Mama akakimbilia kumpakulia chakula. Yeye akala bukari, ugali wetu, sahani mbili. Nimeandika: hamu ya chakula, dalili isiyoeleweka. Vituo sikumuuliza. Niliogopa hasi mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Mjomba amefika na vumbi mpaka kwenye kope, na kikapu cha samaki wakavu. Akamwangukia Kambo shingoni akilia. Kambo akamsogeza pembeni, akauliza ni nani anayetisha watu. Macho yote kwangu! Nikaonyesha mchoro. Sauti yangu ilikuwa ya mbu.

Kambo aliishika karatasi mbali, kisha karibu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema Jumatatu ilikuwa omnibus, treni ya kusimama kila mahali. Tangu Jumanne alikuwa anaendesha rapide, na kila siku rapide kali zaidi.

"Rapide haisimamake kila fasi, bibi yangu! Niko na haraka. Pa Bukama njo Victorine alipandaka."

Mkewe alipanda pale na kikapu cha samaki, akasema. Omnibus inachelewa sana kufika pale.

Mjomba alifuta macho, na si kwa sababu ya vumbi.

Mimi nilipanda omnibus siku zote. Sikujua kuna treni nyingine.

Kisha Kambo akainuka, akapanga viti vya parokia viwili viwili, akapuliza filimbi. Mjomba akapanda. Mama mdogo Huguette akavua kitambaa cheusi, akapanda na kikapu. Tukaenda polepole. Akataja vituo vyote kumi, halafu cha kumi na moja ambacho sijawahi kukisikia: mahali pasipo na kibao, reli mbili tu ili treni zipishane. Hapo alingoja saa mbili, Victorine akiwa ndani, na aliomba ile treni nyingine isifike.

11. Nimeandika gizani, karatasi imelowa kidogo.

Jumapili, 9 Novemba

Ombi limekwenda! Penye nafasi ya shahada nimeweka cheti cha Kipaimara. Kina muhuri.

Mstari ulionyooka nimeutupa. Kosa lilikuwa hapo tu. Sasa natumia njia bora. Alhamisi 1, Jumamosi 11, maana yake kila siku mbili ni mara kumi na moja. Ijumaa ijayo Kambo atakuwa anajua vituo 14,641. Nimerudia hesabu mara tatu. Kutoka hapa mpaka Kalemie havitaenea! Na kichwa cha mzee mmoja kitavibeba vipi?

Nimemwambia Mama peke yake. Nimemwomba asimwambie mtu. Ameshashika simu.

Bahati nzuri viti vya parokia bado viko.