Karamu ya Marehemu kwa Hesabu ya Kampuni

Jumatatu, 11 Aprili 1977

Pasaka imekwisha. Theluji bado ipo, chafu, kando ya maduka ya Tensta, huku Uswidi. Leo hakuna kazi. Nimekaa dirishani.

Jana alikuja shemeji Dafrosa kutoka Vällingby. Mdogo wake marehemu mke wangu. Hakuvua koti. Akasema tarehe ishirini na tatu Adelina anatimiza miaka miwili tangu atutoke, na mwaka jana watu walipewa chai na biskuti kama wako hospitali. Mwaka huu washibe. Akauliza nina nini. Nikasema nina kampuni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ngazi na ndoo mbili si kampuni, shemeji, huo ni mzigo! Halafu akaacha kucheka. Kama mpaka Jumapili sijamwambia nitalisha nini, karamu anaifanyia kwake.

Kwake! Adelina alikuwa hapapendi. Alisema nyumba ile ina zulia mpaka chooni. Yeye aliishi hapa. Alisimama kwenye dirisha hili hili, akapuliza pumzi kwenye kioo, akachora mgomba kwa kidole. Ukifutika anachora mwingine. Watu wake watakula hapa. La sivyo nilikuwa mume wa nini?

Tatizo ni kodi. Naosha vioo kutwa, nusu ya jasho inakwenda serikalini. Sinung'uniki, hospitali walimtunza vizuri. Lakini nusu iliyobaki hailishi msiba.

Jumatano, 13 Aprili

Nimekutana na Gitau kwenye treni. Mkenya wa Hallonbergen. Naye ana kampuni ya usafi, ila yake ina gari lenye jina lake ubavuni. Leo gari liko gereji. Nilifurahi kidogo.

Kavaa tai. Akaniuliza kwa sauti, behewa zima lisikie: ati wewe bwana Deus bado unalipa kodi yote, kama mtoto anayepeleka chenji yote nyumbani? Yeye hula na wateja wake. Nyama, mvinyo, keki. Gharama inaingia kwenye kampuni, faida inapungua, kodi inapungua. Halali kabisa! Ana Mswidi wake wa mahesabu, mtu mwenye suti.

Nimeshuka kituo kisicho changu. Nikatembea tu. Jua lilikuwa limelala juu ya barafu, kila kitu cheupe, sikusikia hata magari.

Wateja. Chakula. Kampuni.

Watu wa Adelina hawawezi kuwa wateja? Wana madirisha wote!

Alhamisi, 14 Aprili

Nimekwenda ofisi ya kodi. Wizi sitaki. Nataka kupunguza kwa sheria, kama watu wenye suti.

Mama wa dirishani aliongea taratibu, kama anammiminia mtoto maziwa. Chakula na wateja, ndiyo, kwa kiasi, kama mnaongea kazi. Niseme nani alikula na tuliongea kazi gani. Sherehe za nyumbani, hapana. Hiyo ya mwisho aliisema huku anatafuta miwani. Nikaona si kitu cha maana.

Dirisha la nyuma yake lilikuwa na doa. Katikati, kati ya kioo na kioo. Madirisha ya huku ni vioo viwili vimebanwa pamoja. Lazima ufungue skrubu, uvitenganishe, uoshe nyuso nne. Wavivu wanaosha mbili. Lile doa lilikuwa na umbo kama la ziwa letu. Nikaliangalia, nikaliangalia. Nikawa niko Bukoba, nimekaa mchangani, Adelina anakuja na samaki. Mama akaniuliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Nyuma yangu walikuwa wameshaanza kunung'unika.

Jumapili, 17 Aprili

Nimemwambia Dafrosa: nyama, ndizi, samaki. Kila mtu ashibe. Akanitazama kama daktari. Hela imetoka wapi? Nikasema kampuni. Akasema, haya, yeye atapika, maana mimi naweza kuunguza hata maji. Akaniwekea sharti moja. Karamu ya marehemu kwetu haina mwaliko wala kuulizana. Anayekuja amekuja, amekaa, amekula. Nisije nikaleta mambo ya Kizungu mlangoni.

Nikasema sawa. Moyoni nikasema sheria ya kodi ni sheria.

Karamu inabaki Tensta! Nimelala vizuri. Nimeota ngazi ndefu imeegemea wingu.

Jumatano, 20 Aprili

Siku tatu nawageuza waombolezaji kuwa wateja. Lazima wawe wateja wa kweli, si wa mdomoni. Kwa hiyo nagonga, naosha dirisha moja, natoza krona moja, hela ndogo ya huku.

Damian, aliyekuwa anaimba kwaya na Adelina, akauliza krona moja ya nini. Nikasema ya kukufanya mteja. Akanishika bega kwa muda mrefu. Pole sana, Deus. Akalipa mbili.

Mama Wilkister wa ghorofa ya saba hakutaka kuoshewa. Akasema mgane anahitaji supu, si krona. Nikamwambia aninyweshe supu lakini alipe. Akaenda jikoni anatikisa kichwa. Nimesikia anamwambia mumewe huzuni imempanda yule mzee kichwani.

Hawajui. Kichwani kuna mahesabu tu.

Ila dirisha lake! Nilipotenganisha vioo, jua likaingia katikati. Tensta yote ikawa mara mbili, moja ndani ya kioo hiki, nyingine ndani ya kile. Nikaona mwanamke mwenye kitenge anavuka kwenye kioo cha pili. Alikuwa Mama Wilkister, na supu.

Alhamisi, 21 Aprili

Nimemwalika pia bibi Ekdahl. Mswidi, ana duka la nyuzi za kufumia pale Spånga. Kioo chake cha dukani ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote. Mteja halisi, hata mama wa kodi hatakuwa na neno. Bibi akafurahi mpaka machozi. Akauliza avae rangi gani.

Jioni Gitau akapiga simu. Amesikia kuna msiba. Yeye na Adelina walikutana mara moja, kwenye foleni ya mkate. Lakini sisi ni ndugu, ama namna gani? Nitamkatazaje? Haina mwaliko. Dafrosa mwenyewe kasema.

Gari lake limetoka gereji.

Jumamosi, 23 Aprili

Misa ilikuwa nzuri. Padre alisema jina la Adelina vizuri, Waswidi wengine wanalivunja.

Tukarudi kwangu. Nyumba ikajaa mpaka kwenye ngazi za jengo. Harufu ya ndizi na nyama ikashuka ghorofa zote. Nimesimama katikati ya sebule nikafikiri, Adelina, ona, wamekuja kwako.

Halafu nikakumbuka sheria. Dafrosa alikuwa bado jikoni. Nikapiga sahani kwa kijiko. Nikasema kabla ya kula kila mmoja aseme neno kuhusu madirisha.

Damian akasimama, mtu mwema yule. Akasema dirisha lake linaona mbali siku hizi, Bwana ampokee Adelina kwenye mwanga. Wakaitikia amina. Mama Wilkister akasema yake mawili yanapitisha baridi, na Adelina alikuwa mtu wa joto. Amina. Mmoja akaanza kulia. Bibi Ekdahl akaona ndiyo mila yetu. Akasimama na kofia yake nyeusi, akasema kwa Kiswidi kwamba kila asubuhi anafungua duka na kuona mtaa kupitia kioo safi, na sasa amejua kioo kile kilioshwa kwa mikono yenye majonzi. Watu wakalia zaidi. Mimi mwenyewe nikalia. Nikasahau kodi kabisa, labda dakika nzima.

Ndipo akasimama Gitau. Akarekebisha tai. Akasema kampuni yake inaosha vioo na sakafu pia, ina ngazi za umeme na wafanyakazi sita. Akakaa karibu na bibi Ekdahl. Akanong'ona. Nikaona wanapeana mikono. Kuanzia Mei, duka la nyuzi ni la Gitau!

Kwenye msiba wa mke wangu!

Nikapiga kelele. Gitau, mwizi wee, huyo ni mteja wangu! Akajibu ati si umesema tuongee kazi? Nikamwambia wote humu ni wateja wangu, kila mmoja nimemwosha kwa krona!

Dafrosa alikuwa mlangoni mwa jikoni. Mwiko mkononi.

Akauliza krona gani. Mama Wilkister akamweleza yote kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo mbaya zaidi. Dafrosa akanitazama. Hakupaza sauti. Akauliza, na dada yangu, shemeji? Naye ulimtoza?

Nikaficha kijiko nyuma ya mgongo.

Akarudi jikoni, akatoka amebeba sufuria kubwa ya ndizi. Akasema waliokuja kwa Adelina wamfuate. Waliokuja kwa madirisha wabaki. Wakainuka wote. Wote! Gitau akapakia nyama kwenye gari lenye jina lake. Bibi Ekdahl akabeba samaki kifuani kama mtoto mchanga. Nikawaona kupitia dirisha, mstari mrefu mweusi kwenye theluji iliyobaki, unakwenda kituo cha basi la Vällingby. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria. Kwa kweli walipendeza. Kama misa inayotembea.

Nyumba ikawa tupu. Wameniachia chumvi.

Nikapuliza pumzi kwenye kioo. Nikajaribu kuchora mgomba. Ukatoka kama uma.

Nikakaa. Halafu nikafikiri, chakula chote kile, na chumvi iko hapa. Nikapanda basi lililofuata.

Dafrosa akafungua mlango. Ndani wanakula lakini nyuso zimekunjwa kwa kukosa chumvi. Nikanyoosha mkono na chumvi. Akaichukua bila kunitazama. Baadaye kidogo akaniletea sahani, akanionyesha pa kukaa, mwisho kabisa, karibu na choo. Zulia lipo kweli. Laini.

Wakaimba. Nikasimama mbele ya watu, nikaapa: kumchanganya Adelina na kodi, basi, nimeacha. Dafrosa akasema ataamini akiona. Lakini akaniongeza nyama.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimerudi kwa mama wa kodi. Kuuliza si dhambi.

Nikamweleza kila kitu, sikuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Akasema pole kwa mke wangu. Halafu akasema hapana. Ilikuwa karamu ya familia, ikaliwa kwa shemeji, na kazi moja iliyopatikana aliipata bwana mwingine. Kama kuna mtu anaweza kujaribu kuitaja, ni yule bwana.

Gitau! Amekula nyama yangu, kachukua mteja wangu, na kodi inampungukia yeye!

Nilivyoinuka akanionea huruma. Akasema mwenye kampuni ndogo asikate tamaa. Kuna zana, sabuni, nguo za kazi. Kuna nauli, ukisafiri kwenda kufanya kazi mahali pa mbali.

Nikauliza mbali kiasi gani. Akasema inategemea kazi iko wapi.

Jumapili, 1 Mei

Mvua nyembamba. Watu wanaandamana na bendera nyekundu, nimewasikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Nimelala chali natazama dari. Dari imeondoka. Nimeona kwetu.

Kanisa la kijijini kwa mama mkwe lina madirisha marefu, vioo vya rangi. Wamisionari waliyaweka, hakuna aliyewahi kuyaosha. Vumbi lote lile! Mtakatifu mmoja haonekani uso.

Mwakani, miaka mitatu ya Adelina, misa ifanyike kule. Mama yake apate kulia naye. Karamu chini ya migomba, hakuna atakayebeba sufuria kwenda popote. Padre wa kule nitamwomba anipe kazi ya vioo. Krona moja inatosha, hata ndizi. Mimi nasafiri na ndoo yangu. Hiyo si karamu, ni safari ya kazi. Ndege, treni, yote kwa hesabu ya kampuni. Halali kabisa!

Na nyuso za yale madirisha ni mbili tu. Nitamaliza kabla ya misa.

Dafrosa naye atakuja. Nitamwandikisha kama mfanyakazi wa kushika ngazi, nauli yake iingie pia. Sijamwambia. Nitamwambia tukiwa juu ya mawingu, ambako hawezi kuteremka.