Kisima Changu na Samaki wa Bwana Shauri

Nzuguni, karibu na Dodoma
Kiangazi, mwaka 1914

Kwa Bwana Shauri wa serikali ya Wadachi, mwenye boma na sasa mwenye samaki,

Pokea salamu zangu na heshima tele. Mimi ni Yotham, niliyesomeshwa na wamisionari, mwenye kile kisima cha mchangani ambacho askari wako wanakijua kuliko njia ya kwao. Ninaandika mimi kwa kuwa ng'ombe wangu hawajui kuandika, na wenye kiu zaidi ni wao.

Tangu gari-moshi likuletee samaki kutoka ziwa la Tanganyika, ukawaweka barazani ndani ya sanduku la kioo, maji yao yanatoka kisimani kwangu. Hiyo ni heshima kubwa, wala silalamiki. Ninayolalamikia ni haya:

1. Kwa desturi yetu, aliyechimba kisima na kukizungushia miiba hunywesha kwanza, kisha majirani wanaoomba, kama Matonya. Hicho alikichimba baba yangu. Sasa amri ni samaki kwanza, kisha farasi wako, na ng'ombe wangu wakikuta tope washukuru. Nimewaeleza amri hiyo vizuri. Wamenitazama tu.

2. Mke wangu Zipora ndiye anayeyabeba maji hayo kichwani mpaka barazani. Anasema samaki mmoja mkubwa wa buluu amejitwalia jiwe la katikati, na anamfukuza kila anayelisogelea. Wenzake wamebanana pembeni, mapezi yamechanika. Nilishangaa sana. Amefika juzi tu, hakuuliza nani alitangulia, na tayari sanduku zima ni lake. Sijui amejifunza kwa nani.

3. Kwa kuwa wanapigana, umeamuru wabadilishiwe maji mara kwa mara ili hasira ziwapoe. Bwana, sisi tukigombana huchapwa viboko. Hakuna aliyewahi kufikiri kutubadilishia maji.

4. Kwa hiyo naomba kuandikishwa kuwa samaki. Sili sana. Nikipewa kijiwe pembeni sitamfukuza mtu, Zipora yuko tayari, na ng'ombe tutabanana nao humo humo. Ikishindikana, nirudishie kisima changu. Ndama mmoja amekwisha kufa, na kwa huyo sifanyi mzaha: Zipora alimlea kwa mkono wake, na amemlilia. Nami nilimlilia, ila nilikwenda nyuma ya zizi.

Nisalimie askari wote, mpishi wako Silvano, farasi, na samaki, wa jiweni na wa pembeni.

Ni mimi mtiifu wako, mkavu wa koo,
Yotham

Nyongeza: Barua hii ilikuwa haijatoka nyumbani Silvano alipoleta habari kwamba umechoshwa na ugomvi wa samaki. Wengine umewapeleka jikoni, kisima ni changu tena, na yule wa buluu umenipa zawadi. Ahsante sana, Bwana. Nimemtia kisimani. Kumbe ni samaki mzuri ajabu, na anapenda utulivu. Leo asubuhi Matonya amekuja na ng'ombe wake, akaomba maji kama desturi ilivyo. Nimemwambia asubiri, kwa sababu maji yakitibuliwa samaki hukasirika. Tangu hapo Zipora hanisemeshi. Basi yale ya juu yafute yote, ila naomba uniazime askari mmoja wa kusimama kisimani, maana nasikia Matonya ameanza kwenda kwa wamisionari kujifunza kuandika.