Nuksi ya Mnunuzi wa Kwanza

Jumatatu, 24 Machi

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Naandika nikiwa bafuni kwa sababu sebuleni mke wangu Tuyet bado anacheka.

Ilianza vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya daraja la chuma la kijani na wageni wanne wa kizungu. Nikawaambia babu wa babu yangu ndiye aliyekaza bolti zake kwa mikono yake mwenyewe. Uongo, lakini wenye manufaa: mmoja alishika bolti, machozi yakamlengalenga. Kisha nikawashusha upande wetu, Wilaya ya Nne. Tukapita sokoni, tukaingia kichochoroni mpaka kwa Mama Diep wa mikate.

Mama Diep ndiyo kwanza anapanga kigari chake. Wageni wangu wakaukamata mkate wa kwanza. Wakaubonyeza. Wakaunusa. Wakaupiga picha ukiwa peke yake, ukiwa na pilipili, ukiwa na Mama Diep. Mimi nikaomba punguzo kwa niaba yao, kwa sauti, wasikie jinsi ninavyowapigania. Akakataa. Nikawaambia twendeni zetu, mbele kuna wa bei poa.

Hatujafika hatua kumi, nikasikia harufu ya moshi. Mama Diep amewasha gazeti! Analizungusha juu ya kigari, chini ya kigari, anafukuza nuksi yangu. Mnunuzi wa kwanza wa siku ameshika, amebishana, hajanunua. Wageni wakadhani ni sala. Wakapiga picha tena.

Nilisema yatapita. Hayakupita. Saa nne Mama Diep alikuwa hajauza hata mikate mitano. Saa sita kichochoro kizima kinajua. Jioni nilipokaribia kwa Shangazi Bay, mkubwa wa mtaa wetu wa vibanda vya konokono, alipaza sauti akiwa bado anawasha mkaa: "Khiem! Simama hapohapo, mwanangu. Usikanyage kwangu mpaka apatikane wa kwanza."

Nilisimama kando ya nguzo ya umeme robo saa nzima. Mbwa alinipita akaenda kukaa kwenye viti. Mbwa!

Na hii ndiyo wiki ya uamuzi. Hoteli mpya ya kando ya mfereji inataka mtu mmoja wa kuwatembeza wageni wake kila jioni, na mwenye hoteli amesema atamchukua yule watakayemchagua wauzaji wa mtaa. Wanachagua Jumamosi, kwa Shangazi Bay. Tuko wawili tu, mimi na Thinh. Nikikosa, naanza kubeba barafu kwenye kiwanda cha shemeji, kuanzia saa tisa usiku. Shemeji ameshaninunulia glavu.

Jumanne, 25 Machi

Kuhusu Thinh. Miaka ishirini na minne. Kibendera mkononi, kipaza sauti kiunoni. Aniita mjomba. Nina miaka arobaini na minne tu! Kaka ingetosha.

Leo nimejitibu. Kila mtu hapa anajua dawa ya mkosi: mayai ya bata yenye kifaranga ndani, na idadi iwe witiri. Nikaenda kwa Bibi Ut, mwenye kapu la mayai pale kona ya kanisa. Nikakaa palipo wazi, mtaa unione ninavyotakata. Nikala matatu kwa chumvi na pilipili. Nikajipangusa mdomo. Nikajisikia mwepesi.

Akatokea Thinh, meno yote nje. Akasema haiwezekani mjomba ale peke yake, akaniagizia moja. "Mkubwa hakatai cha mdogo, mjomba." Watu wanatazama. Ningefanyaje? Nikala. Manne! Shufwa! Mkosi umerudi wote. Nikaagiza la tano upesi. Yeye akaagiza la sita. Mimi la saba. Yeye, mikono miwili, kwa heshima zote, la nane.

Nilipomaliza la tisa nilisimama ili nikimbie. Akanikamata bega na la kumi tayari limemenywa. Nikala, nikamwambia Bibi Ut alete la kumi na moja. Bibi Ut akageuza kapu. Tupu.

Jumatano, 26 Machi

Tumbo. Sitaki kuandika.

Baadaye. Tuyet amenichemshia majani ya balungi nikaogea. Mama mkwe akapita akirusha chumvi na mchele mlangoni. Nikamuuliza anamfukuza nani. Akajibu kwamba hataji majina.

Jioni nilikaa dirishani, nimenywea. Wanawake saba wakapita kwa pikipiki, kila mmoja na koti lake refu la jua, kofia ya koti kichwani, barakoa, miwani, vidole vyote ndani. Sikumtambua hata mmoja. Mmoja wao akasimama, akaniuliza kama nimekula. Alikuwa Tuyet!

Nimepata wazo. Tumbo limepona palepale.

Alhamisi, 27 Machi

Nina akili nyingi mno kwa wilaya hii.

Alfajiri nililichukua koti la Tuyet kwenye kamba. La maua ya pinki. Barakoa, miwani, na ile sketi ya kujifunga wanayovaa kwenye pikipiki. Nikafika kwa Mama Diep kabla ya kila mtu. Tatizo moja: sauti. Nikifungua mdomo tu, nimeumbuka. Basi nikanyoosha kidole. Nikalipa alichosema. Hata chenji sikungoja, nikaondoka kwa hatua fupifupi.

Nikajibanza nyuma ya nguzo kuangalia. Akaja wa pili, wa tatu. Likasimama basi la wafanyakazi wa kiwanda, wakashuka wote. Saa mbili Mama Diep alikuwa anafuta kigari na kuimba!

Saa kumi jioni nikaenda kwa Shangazi Bay. Wa kwanza. Kidole kwenye konokono wa nazi, kidole kwenye kombe wa mchaichai, kidole kwenye bia. Nilikula kwa kuinua barakoa kidogo kidogo. Nililipa, nikahamia ng'ambo ya barabara.

Mtaa ulifurika. Viti vyekundu vikafika katikati ya barabara, pikipiki zikapita kwa kubembeleza. Yule kijana anayekula moto akala moto mara tatu. Mwimbaji wa spika ya magurudumu hakuwa na pa kupita, akaimba akiwa amebanwa kati ya meza mbili. Shangazi Bay aliazima viti kwa jirani, na hilo halijawahi kutokea. Alikuwa anauliza kila mtu: "Nani yule dada wa koti la maua? Jamani, ana mkono mwepesi yule, wa bahati! Nitafutieni!"

Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nimekulia mtaa huu. Leo ndiyo mara ya kwanza umenipenda hivi, na haujui kama ni mimi. Iliniuma kidogo pia. Nikaagiza konokono wengine.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi nimefungua biashara nne, mnunuzi wa kwanza kila mahali. Kahawa, supu ya tambi, miwa, kiatu kimoja kwa fundi. Zote zimechangamka. Nimechoka kunyamaza, taya linauma.

Saa nane nikiwa nimelala, hodi. Shangazi Bay na Mama Diep mlangoni, na chane ya ndizi. Wameliona koti kwenye kamba yetu! Lakini hawakuniangalia hata kidogo. Walimshika Tuyet mikono. Wakamwomba, dada yetu, mdogo wetu, kesho ni mwezi mosi kwa kalenda ya mwandamo, tufungulie wewe, mwezi mzima ukae sawa.

Tuyet akanitazama. Kisha akawaambia atakuja.

Walipoondoka akaninyooshea mkono wa koti. "Baba Ngan, huu ni mchuzi wa nazi." Nikakiri yote. Sikuona njia nyingine, barakoa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitegemea atagomba. Alikaa tu, akasema jambo la ajabu: kwamba koti halina lolote, ila siku niliyofunga mdomo na kulipa bila kubishana ndiyo siku watu waliponifurahia. Maskini Tuyet. Mke mwema, lakini mambo ya nyota hayajui.

Mpango sasa: kesho yeye anawafungulia, wanampenda, jioni ananisemea, mimi nachaguliwa. Nimechana nywele kwa majaribio.

Jumamosi, 29 Machi. Mwezi mosi

Kwanza Thinh. Saa tisa alasiri nilimkuta kwenye benchi la mfereji anakariri hotuba, masikio yamezibwa na muziki. Hajala tangu asubuhi. Nikamnunulia ngisi mkavu wa kuchoma, mkubwa, ananukia mpaka daraja la pili. Akasema hapana, asante. Nikamwambia mdogo hakatai cha mkubwa. Akala wote!

Kijana amesahau tarehe. Ngisi, siku ya kwanza ya mwezi! Mnyama mwenye wino mweusi tumboni! Hapa hata anayeuza ngisi hali ngisi leo.

Tuyet, ndani ya koti la maua, alifungua kila mahali. Nilimfuata kwa mbali kusimamia. Kusema kweli anapoteza muda. Kwa Mama Diep aliulizia homa ya mjukuu. Kwa Bibi Ut alishika kapu akamsogezea kivulini. Ananunua, anacheka, analipa, anaondoka. Hakuna mbinu yoyote. Na bado watu walimiminika.

Saa kumi na moja tukakusanyika kwa Shangazi Bay. Mwenye hoteli, Bi Loan, amevaa nyeupe. Thinh akasimama wa kwanza, akawasha kipaza sauti, akavuta pumzi, akaitoa kwa nguvu kwenye meza ya mbele. Meza nzima ikaziba pua.

"Wewe mtoto," Shangazi Bay akasema, "umekula nini?"

"Ngisi, Shangazi. Kanipa mjomba Khiem."

Mama Diep aliinua kigari chake kizima akakisogeza. Mtu akatafuta gazeti. Thinh akaondolewa kwa ufagio, kwa upole lakini kwa ufagio.

Nimebaki mimi! Nikasimama. Nikaanza na babu wa babu yangu na bolti. Shangazi Bay akainua koleo la mkaa kunizuia. Akasema wao hawana haja ya hotuba, wameshaafikiana tangu asubuhi. Mtu wa mtaa huu ni mmoja tu. "Tuyet! Njoo mbele, mwanangu."

Walishangilia mpaka bia zikamwagika. Bi Loan akamvika kofia ya manjano. Nami nilipiga makofi, nilichelewa tu kuanza. Niliitaka mno kazi ile, sikatai. Lakini kofia ilimkaa vizuri, na alipokuwa anatafuta uso kati ya watu, alikuwa anautafuta wangu.

Akaniombea nafasi. Wauzaji wakateta, wakatoa masharti: nifuate nyuma nikibeba maji na miavuli, nisizungumzie bei, na nisiingie kibandani wa kwanza. Wa tatu, si kabla. Nikivunja, barafu. Shangazi Bay akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Jumapili, 30 Machi

Nimefikiri usiku kucha. Wote wanakosea. Tuyet hana mkono mwepesi wala mimi sina mzito. Siku tatu, watu wawili, koti moja. Bahati iko kwenye koti! Jambo liko wazi. Na kama iko kwenye koti, basi nikilivaa mimi na kusema pia, bahati na ufasaha vitakuwa pamoja, na watanibadilishia hukumu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kwa Mama Diep. Koti la maua, barakoa, miwani. Akanipokea kwa mikono miwili. "Dada yangu! Karibu, nifungulie!" Akaniwekea mkate wa kwanza, umejaa, moto, nyama mara mbili. Akanitajia bei.

Nikamwambia nyama ni nyingi, sawa, lakini mkate wenyewe jana ulikuwa mrefu zaidi, hivyo apunguze kidogo.

Akaacha kutabasamu.

Akainama akachungulia chini ya miwani. Sitayaandika aliyosema, mama yangu hahusiki. Nikarudisha mkate, kwa hasira, nikisema nimeghairi. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa mimi ndiye wa kwanza. Mama Diep akatafuta gazeti, hakuna. Jumapili magazeti huchelewa. Akanivua koti. Akalichoma. Alilizungusha juu ya kigari na chini ya kigari mpaka likaisha maua yote. Nilirudi nyumbani na fulana na ile sketi.

Tuyet hakugomba. Alilia kidogo kwa ajili ya koti, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kisha akavaa kofia yake ya manjano, akaenda kuwapokea wageni bila mimi. Shemeji alifika saa sita. Glavu zinanitosha. Naanza leo, saa tisa usiku.

Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu, na nimeliona. Koti lilikuwa limefuliwa! Ijumaa Tuyet alitoa ule mchuzi wa nazi kwa sabuni, akalianika. Bahati ikatoka humo pole pole, ya Jumamosi ilikuwa masazo tu. Mama mkwe analo la zambarau, na nina hakika halijaguswa na sabuni tangu mwaka mpya. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kutoka kiwandani mpaka kwa Mama Diep ni hatua mia mbili. Nikiwahi kumaliza barafu, nitakuwa wa kwanza.