Jiwe la Kufulia la Mama Ginevra

Halmashauri ya Mji wa Montefosco inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu baada ya misa, Wagiriki na Warumi wa kale watakuwa wamefufuka. Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Idara ya Ufufuo, na nililipitia mara tatu.

Mafanikio yalionekana siku ile ile. Viongozi wote tulibandika mikia ya Kilatini kwenye majina yetu. Mimi niliyezaliwa Nuto, mtoto wa mchinjaji, nikawa Nutius. Tukaanza pia kula tumelala ubavu kama Warumi wenyewe. Mjumbe mmoja alipaliwa na maharage akarudishwa kwake amebebwa, lakini kamati ilibaini kuwa kosa lilikuwa la maharage.

Ilibaki Bustani ya Hekima, mahali pa viongozi kuzungumzia wema kivulini. Uwanja uliofaa ulikuwa mmoja tu, kando ya kisima, na ndipo Mama Ginevra, mjane mwenye watoto wanne, alipofulia nguo za nusu ya mji. Mkuu wa mji, Bwana Ottaviano, alimpa siku nane awe amehama. Alimweleza kwa upole kwamba serikali yake inamthamini sana binadamu, kwa hiyo binadamu apishe.

Siku ya ukaguzi tukaliona jiwe lake la kufulia. Chini ya povu na ukoga zilichungulia herufi mbili tatu za Kilatini. Mtaalamu wetu wa mambo ya kale alililamba, njia ambayo idara inaitambua, akatamka: miaka elfu moja na mia nne, na sabuni kidogo. Mkuu alilengwalengwa na machozi. Papo hapo akatia muhuri amri kwamba jiwe ni la kweli, kwamba lolote lililoandikwa juu yake ni sheria ya mji milele, maana Warumi hawakukosea, na kwamba atakayelitilia shaka atafungwa.

"Sasa lisomeni," Mama Ginevra akasema.

Nilimjibu kuwa halisomeki kwa uchafu.

"Uchafu ndio riziki yangu, Bwana Katibu. Niachieni siku tatu nilisugue."

Tulikubali, kwa kuwa kusugua si kazi ya wasomi. Alisaidiwa na kaka yake Vieri, mchonga mawe ya makaburi, mtu mkimya anayejua Kilatini cha marehemu. Siku ya pili nilipita nikasikia nyundo. Mama Ginevra aliniambia ukoga wa Warumi ni sugu, nami nikaandika hivyo kwenye ripoti.

Siku ya uzinduzi wa jiwe umati ulifurika. Mkuu alisimama amejitanda shuka jeupe, lililofuliwa na Mama Ginevra, akasoma huku akitafsiri: "Uwanja huu ni wa wafuaji milele. Mtawala atakayeutamani, yeye na baraza lake, watafua nguo za mji siku thelathini, kwa mikono yao wenyewe." Kila neno lilitoka dogo kuliko lililotangulia.

Mtaalamu alininong'oneza kwamba kingo za herufi zilikuwa kali mno kwa jiwe la kale, na kwamba nyusi za Vieri zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Nilimkumbusha ni nani aliyelamba. Mkuu aliutazama muhuri wake, akaitazama jela iliyo ng'ambo ya uwanja.

"Mheshimiwa," Mama Ginevra akauliza kwa adabu, "kwani Warumi walikosea?"

"Hawakukosea," alisema mkuu, akaanza kukunja ncha za shuka lake.

Nina furaha kuripoti kwamba Bustani ya Hekima inafanya kazi. Viongozi hukutana hapo kila asubuhi kuzungumzia wema, wamepiga magoti. Leo ni siku ya tisa na vidole vimenichubuka. Asubuhi hii nilikabidhi aproni ya baba yangu, ile ya buchani, niliyokuwa nimeifua. Mama Ginevra aliigeuza nje ndani juani, akanirudishia.

"Rudia, Nuto," akasema.

Nimerudia.