Beberu wa Kando ya Wadi

Haidari hakuwa mwizi. Neno hilo alilichukia, na aliyemwita hivyo alimwombea dua mbaya. Yeye alikuwa mtu wa maneno tu, na Ijumaa ile, akijitembeza Nizwa, Oman, kwenye njia ya matembezi kando ya wadi, bonde la mto unaojaa kwa mvua tu, jirani na ngome ya kale, macho yake yalitua kwa beberu mnene aliyefungwa ukutani, anatafuna kipande cha boksi kwa raha zake.

Alimhitaji kwa kufa na kupona. Kwa Zabibu, mpishi wa Kitanga aliyemteka moyo, alikuwa amejitangaza tajiri wa mifugo. Sasa mjomba wa Zabibu ameingia kutoka Maskati kusikiliza posa, na Zabibu amesema wazi: "Si una mbuzi tele wewe? Lete mmoja tu, leo. Ukija mikono mitupu, namkubali Iqbal fundi cherehani." Na Haidari alimpenda kweli. Katika maisha yake yote, hilo tu ndilo halikuwa na utapeli.

Pembeni ya beberu aliketi kitini bibi mtu mzima, kajitanda vizuri, chupa ya kahawa miguuni.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mie Bi Thuraya, wa Ibra, mzaliwa wa Unguja. Wewe wa wapi?"

"Tanga, bibi. Mashallah, mbuzi kashiba huyu!"

"Alhamdulillah. Kaa unywe kahawa."

Haidari akanywa huku akipiga hesabu. Juu ya mlima wa Jabal Akhdar mawingu yalikuwa yametanda. Wadi yenyewe ilikuwa kavu. Kwao Tanga, ukisema mafuriko yanakuja, watu hubeba watoto na magodoro wakatimua mbio, wala hakuna anayekumbuka mbuzi. Oman alikuwa bado mgeni, lakini maji ni maji.

Akasimama, akafungua kamba, akapaza sauti: "Wadi! Wadi inashuka! Jiokoeni!"

Hapo ndipo elimu ya Tanga ilipomwangusha. Kwa watu wa Nizwa, wadi ikishuka ni sherehe. Wauza halua waliacha mizani, wanawake wakaja na vikombe, mzee mmoja akatandika mkeka kabisa. Wote walikimbilia kwenye wadi, si kuikimbia. Mara Haidari akajikuta kabanwa ukutani, kamba mkononi, na watu wamemzunguka na simu zao juu.

"Wen, wen?" walimuuliza, maji yako wapi.

"Yako... yako njiani."

Bi Thuraya hakuwa amenyanyuka. Akamvuta mkono wa shati. "Mwanangu, kamba hiyo yafanya nini mkononi mwako?"

"Namwokoa mbuzi, bibi."

"Hebu tuwaulize hawa wanaume kama mbuzi huokolewa hivyo."

Haidari akavua saa yake ya dhahabu upesi upesi. Bibi akaipima kiganjani. "Shaba. Nipe simu, nami wallah sikuona kitu. Wende zako na mbuzi."

Ilimuuma. Lakini simu hupatikana nyingine, Zabibu yuko mmoja. Akaitoa. Bibi akachukua chupa yake, akapotelea kwenye umati kwa kasi ambayo wazee wengi wameisahau.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Haidari hajafika hata barabarani, akatokea Yaarub, Bedui wa Sinaw, fimbo mkononi.

"Ya walad, we kijana! Wampeleka wapi beberu wangu?"

"Wako? Mwenyewe si yule bibi?"

"Bibi gani?"

Haidari akageuka. Kiti kitupu. Akajaribu kukumbuka ni lini hasa Bi Thuraya alisema mbuzi ni wake. Hakukumbuka. Bibi wa watu alimshukuru Mungu tu.

Yaarub akamtwaa beberu, akamtia Haidari fimbo moja ya makalio, kisha, kwa kuwa adabu ni adabu, akamkaribisha kahawa.

Jioni Haidari alifika kwa Zabibu mikono mitupu, akaeleza yote bila kuongeza chumvi. Mjomba alicheka hadi kofia ikamdondoka, akauliza kama yule bibi ana mume. Zabibu naye alicheka, akafuta machozi, akasema, "Pole, Haidari. Lakini nilikwambia." Nyama ya mbuzi wa Iqbal ilikuwa imeshaiva.

Iqbal mwenyewe, mtu muungwana, akamchagulia mgeni paja. Haidari akala, na kila tonge aliloweka mdomoni aliomba nyama iwe ngumu. Haikuwa ngumu hata kidogo.