Nyumba Niliyoiponda Benki

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu. Tena benki. Tena kwenye kiyoyozi, watu wametulia, kila neno linasikika.

Kwa wasionijua: mie nanunua makochi na makabati ya watu wanaohama, nayapeleka Manzese, nayapiga msasa na vanishi, nauza. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuponda. Nikiingia kwako, hata kama kabati ni la mninga, nitaliangalia kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Ndivyo bei inavyoshuka. (Na nahesabu kila kitu mara mbili. Hata mashahidi wa ndoa yetu niliwahesabu upya.)

Sasa, nyumba ya jirani yetu huku Madale iliungua. Umeme. Hakufa mtu, ila hawakuokoa hata kijiko. Tangu siku hiyo mke wangu, Mama Nasri, halali. Anaamka, anapapasa soketi moja moja kwa kiganja, kama anampima mtoto homa. Asubuhi macho mekundu. Juzi akaniambia, "Baba Nasri, nikatie bima ya nyumba nipate usingizi." Basi. Hakuomba kingine.

Nikasikia benki ninakoweka akiba wanauza bima ya nyumba na ya gari, na ukichukua zote mbili kuna punguzo. Mmeliona hilo neno la mwisho? Leo asubuhi tulikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

Binti wa dawati la bima akatupokea vizuri. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Akaeleza kwamba ada inakwenda na thamani ya mali. Mali ya thamani kubwa, ada kubwa. Mali ya thamani ndogo, ada ndogo.

Hapo hapo nikaingia kazini.

"Nyumba yenu ikoje, baba?"

"Nyumba?" Nikacheka kidogo, kile kicheko cha Manzese. "Mwanangu, pale tunajisitiri na jua tu. Ukuta wa uani una ufa, mkono unapita. Bati linavuja, mvua ikinyesha tunahama chumba. Waya za umeme alivuta fundi ambaye siku hizi hata simu hapokei."

Binti anaandika kwenye kompyuta. Mie moyoni, "Shuka, bei, shuka!" Chini ya meza Mama Nasri akanikanyaga mguu. Nikajua ananiunga mkono. (Hakuwa ananiunga mkono.)

"Na gari?"

"Lile linatembea kwa dua. Breki unakanyaga mara mbili. Ya kwanza unatoa taarifa, ya pili ndiyo linafikiria kusimama."

"Liko wapi sasa hivi?"

"Hapo nje."

Mlinzi wa mlangoni alikuwa anasikiliza. Akatoka, akaisogeza pikipiki yake iliyokuwa mbele ya gari langu.

Binti akaacha kuandika. "Pole, baba. Kwa hali hiyo siwezi kukukatia. Nyumba yenye ufa na waya mbovu kampuni ya bima haiipokei. Na gari lisilo na breki, kwanza nakuomba usiliwashe."

Nikageuka kumwangalia Mama Nasri. Hakununa, na afadhali angenuna. Alikuwa anafunga mkoba wake polepole. "Twende tu, Baba Nasri," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayerudi kupapasa soketi.

"Subiri, mwanangu!" nikamwambia binti. "Nyumba haina ufa. Nilikuwa natafuta bei."

"Bei ya nini?"

"Ya hiyo bima."

"Kwa hiyo ulinidanganya, baba?"

"Sikudanganya. Nilipunguza."

Foleni nzima ikacheka. Binti akajikaza. "Haya, niambie ukweli sasa. Ukuta?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kusifia sijui. Maneno ya kuponda ninayo ghala zima. Ya kusifia, hata la kuanzia sina.

"Ukuta... ni mzima. Mama Nasri alisimama juani siku nzima akimwangalia fundi asiibe saruji. Mie nilimwambia apumzike, akakataa."

"Bati?"

"Halivuji. Mie nilipata mabati ya bei ya kutupa. Akayakataa. Tukanuniana wiki nzima, tukanunua mazuri."

"Waya?"

"Mie nilileta fundi wa bure, binamu yangu. Mama Nasri akamnywesha chai, akamrudisha kwao. Akamleta mwenye leseni."

"Na breki za gari?"

"Mpya. Alipokea upatu wake, badala ya kununua kitenge akanunua breki. Akasema yeye na watoto wananihitaji."

Bibi mmoja kwenye foleni, mwenye mtandio wa kijani, akashindwa kuvumilia. "Sasa wewe baba, kwenye hiyo nyumba ulifanya nini?"

"Nilibisha, bibi."

Vicheko hadi dirishani kwa keshia. Mie nikataka kumalizia kiume. Nikasema, "Na baraza, mwanangu, andika baraza. Jioni anakaa pale anachagua mchele. Nikitoka Manzese napiga honi nikifika kona ya kilima, hata kama barabara haina mtu, ili ajue nimefika..."

Sauti ikakatika. Nikakohoa, isirudi. Machozi! Mie! Mwanaume ninayewaliza wenye makabati! Mashine ya kuhesabia pesa ikanyamaza. Mlinzi akaangalia dari. Bibi wa mtandio wa kijani akasema, "Mpeni maji huyo."

Mama Nasri akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, mbele ya wote, kama mtoto aliyetoka kula embe.

"Kumbe ulikuwa unaona," akasema taratibu.

"Naona kila kitu. Mara mbili."

Binti akapiga hesabu. Na hapa ndipo mniombee. Ukuta mzima, thamani ikapanda. Bati zuri, ikapanda. Breki mpya, ikapanda. Ada ikapanda nyuma yake kama mbuzi anayefuata majani. Mie, kwa mdomo wangu, nimejipandishia bei! Nikafungua mdomo kuomba angalau nauli ipunguzwe humo. Mama Nasri akaniangalia. Nikaufunga, nikalipa.

Mkaguzi alikuja mchana, akapiga picha ukuta, bati na soketi, akasema nyumba imejengwa vizuri. Nikamjibu kwamba fundi mkuu yule pale jikoni. Bima imepita. Sasa hivi Mama Nasri amejilaza kwenye kochi, mdomo wazi, tangu alasiri hajageuka. Kwa hiyo mnaotaka kunicheka, ruksa. Ila chekeni kwa sauti ya chini, mke wangu amelala.