Ufunguo Mgongoni

Jumanne, 3 Machi
Tonge limekwama tena. Miezi mitatu sasa. Marehemu baba alianza hivihivi, akiwa na umri wangu. Sitaki hata kuwaza hilo. Daktari ameniandikia kipimo: nitakunywa dawa nyeupe nzito, huku eksirei ikionyesha inavyoteremka kooni. Nisile wala kunywa kitu kuanzia saa sita usiku. Nivue kila chuma. Chuma! Na ufunguo wa ghala ninalolitunza je? Miaka kumi na tisa haujatoka shingoni mwangu. Msaidizi wangu kazini ni shemeji, kaka wa mke wangu, na anaumezea mate waziwazi.

Jumatano, 4 Machi
Nimekunywa uji alfajiri. Kikombe kimoja tu! Nilitaka koo lilainike, lisiniaibishe mbele ya watu. Nikapiga mafunda mawili ya ile dawa. Chaki tupu. Mpiga picha, dada mkali, akauliza nimekula nini. Nikaapa sijala kitu. Akasema basi hicho kitu kina mabonge, na picha imeharibika. Nikarudishwa nyumbani, nirudi Ijumaa bila ufunguo mkononi. Mke wangu amenuna.

Alhamisi, 5 Machi
Shemeji kaja kunijulia hali. Eti anitunzie ufunguo, nipumzike. Mnafiki! Mke wangu akasihi nimwachie yeye basi. Thubutu! Kumpa yeye ni kumpa kaka yake. Nimepata dawa: nitaubandika juu mgongoni kwa plasta. Mashine inapiga mbele, mgongo itaujulia wapi?

Ijumaa, 6 Machi
Leo sikula, nijisifu. Gauni la hospitali liko wazi nyuma, nikatembea kiubavuubavu nikisugua ukuta. Nikanywa dawa. Kwenye skrini likatokea koo langu, na katikati yake ufunguo, meno yote! Dada akapiga kelele kwamba nimemeza ufunguo. Wakaja watu watatu mbio.

Daktari aliubandua bila kucheka. Akaeleza kwamba miale hupenya mwili mzima, haijui mbele wala nyuma. Kwamba mionzi ni kidogo, ila kipimo si cha kurudiarudia kwa mchezo. Kisha akashusha sauti. Kuna kitu ameona ambacho hakimpendezi, na ufunguo umekiziba nusu. Nirudi Jumatatu, nije na mke wangu.

Jumapili, 8 Machi
Mke wangu amelia. Kasema simwogopi kaka yake wala mashine, naogopa jibu. Na kwamba nikifa, kaka yake atapewa ufunguo bila hata kuomba. Maneno yakaniingia. Kweli naogopa, naogopa sana. Nimemshika mkono, nimemwahidi kesho nitafuata kila sharti.

Ufunguo nimeutia ndani ya soksi. Koo na soksi, wapi na wapi! Uji nao nitaonja kidogo tu alfajiri. Safari hii bila sukari.